Wodi Zilizozaa Vyuo vya Udaktari

Matokeo ya kidato cha sita yakishatangazwa, wazazi wa vijana waliofanya vizuri mchepuo wa PCB huuliza swali moja nchi nzima: aende Muhimbili, KCMC au Bugando? Majibu wanayopewa hutegemea ukubwa wa jina au alama za kuingilia. Mimi naona jibu limo katika historia. Vyuo hivi vilizaliwa na hospitali, na hospitali zenyewe zilijengwa na watu mbalimbali, kila mmoja na nia yake. Anayetaka kuvilinganisha aanze na vitanda vya wagonjwa.

Muhimbili ndiyo mama wa vyote. Chimbuko lake linafika hadi kwa Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Kihindi wa Bagamoyo, aliyetoa mali yake ili Dar es Salaam ya Wajerumani ipate hospitali ya kutibu Waafrika na Wahindi, maana Wazungu walikuwa na ya kwao pale Ocean Road. Sewa Haji alifariki 1897, na hadi leo wodi ya Sewahaji inalaza wagonjwa. Waingereza wakajenga hospitali mpya, na mwaka 1956 ikapewa jina la Princess Margaret. Walijenga wodi bila kujenga darasa la madaktari. Kijana wa Tanganyika aliyetamani udaktari ilimbidi asafiri hadi Makerere, ambako shule ya utabibu ilikuwapo tangu 1924. Mmoja wa waliopita huko ni Vedasto Kyaruzi, aliyekuja kuwa rais wa chama cha TAA kabla ya Nyerere. Uhuru ulipofika mwaka 1961, madaktari Watanganyika walikuwa 12.

Idadi hiyo ndiyo inayoeleza haraka iliyofuata. Mwaka 1963 Wizara ya Afya ilifungua Shule ya Udaktari ya Dar es Salaam; kufikia 1968 ilikuwa imeingia Chuo Kikuu ikawa kitivo. Hatua ninayoiona kubwa kuliko zote ni ya 1976, kitivo na hospitali vilipounganishwa kuwa Kituo cha Tiba Muhimbili (MMC). Aliyefundisha na aliyetibu wakawa chini ya paa moja, na mwanafunzi alijifunza ugonjwa pale pale mgonjwa alipolala. Miaka miwili kabla yake kilikuwa kimeanzishwa hapo kitengo cha utafiti wa tiba za asili, jambo lililohitaji ujasiri kwa madaktari waliolelewa na vitabu vya Ulaya.

Kaskazini na Kanda ya Ziwa waliojenga ni makanisa. KCMC ilifunguliwa Moshi mwaka 1971 chini ya shirika la Msamaria Mwema, likiyaunganisha makanisa ya Kiprotestanti. Mwaka huo huo maaskofu Wakatoliki walifungua Bugando, juu ya kilima kinachoutazama mji wa Mwanza. Serikali ya Azimio la Arusha haikuchelewa kuichukua Bugando. Ilitaifishwa 1972, ikarudishwa kwa maaskofu 1985. Ndoto ya kufundisha madaktari mlimani pale ilisubiri hadi 2003, chuo kilipoanza kwa ushirikiano na shule ya udaktari ya Weill Cornell ya New York. Anayesomea Bugando leo anakutana na selimundu na kichocho cha wavuvi na wakulima wa ziwani, na humpokea mgonjwa aliyetoka Kagera, Mara au Geita baada ya hospitali tatu kushindwa. Shule ya namna hiyo hainunuliwi kwa maabara.

KCMC nayo ilianza kufundisha shahada ya udaktari mwaka 1997, lakini sifa yake kubwa, kwa maoni yangu, iko mahali ambapo wazazi hawaangalii. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 mafundi wa viungo bandia wa nchi nyingi za Afrika wamefundishwa katika kituo cha TATCOT, ndani ya eneo la hospitali hiyo. Kituo chake cha magonjwa ya ngozi, kilichoanza 1992, kimewapeleka wahitimu katika nchi ambazo bingwa wa ngozi alikuwa hapatikani kabisa. Hapo pia hutengenezwa losheni ya kuwakinga na jua watu wenye ualbino. Ukinitaka nitaje chuo kilichoigusa ngozi ya Mwafrika kihalisia, nitataja hicho.

Ifakara husahaulika, na inaniuma. Mwaka 1961, pembeni ya hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Waswisi wa Basel wakiongozwa na Rudolf Geigy walianzisha kituo cha kufundisha waganga wasaidizi wa vijijini. Watu wa aina hiyo ndio waliozibeba zahanati wakati nchi ikiwa na madaktari wa kuhesabika. Ilichukua karibu nusu karne kabla chuo kishiriki cha udaktari hakijafunguliwa hapo.

Vyuo binafsi vilichelewa kwa sababu ya sheria. Mwaka 1977 Serikali ilipiga marufuku tiba ya kibiashara, ikaruhusu tena 1991. Kufikia 1997 Profesa Hubert Kairuki alikuwa amefungua chuo kando ya hospitali yake ya Mikocheni, iliyokuwa imetangulia. Hata yeye alianza na wodi.

Dodoma walipindua mpangilio huo. Chuo Kikuu kilianzishwa 2007, vijana wakaanza kusomea udaktari, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ikafunguliwa 2015. Katika miaka hiyo ya katikati walitegemea hospitali ya mkoa. Zanzibar, kwa msaada wa walimu kutoka Cuba, waliwafundishia wanafunzi wao katika hospitali ya Mnazi Mmoja.

Muhimbili yenyewe ilikuwa imeshaanza kuachana na muungano wa 1976. Mwaka 2000 Bunge liliivunja MMC, likaunda Hospitali ya Taifa upande mmoja na chuo upande wa pili. Mwaka 2007 chuo hicho kikawa chuo kikuu kamili, MUHAS. Ili kipate vitanda vyake, Serikali ilijenga hospitali ya Mloganzila kwa mkopo kutoka Korea Kusini, ikaanza kazi 2017. Mwaka uliofuata ikakabidhiwa Hospitali ya Taifa. Hoja ya kuwahudumia wagonjwa wengi kwa haraka ilikuwa na uzito, siwezi kuikataa. Lakini naamini chuo kilichotoa walimu kwa karibu vyuo vyote nilivyovitaja kilistahili kubaki na hospitali ambayo mhadhiri wake ndiye anayeamua mgonjwa gani aonwe na wanafunzi asubuhi.