Grafu ya Pande Mbili Kutoka Kwenye Matriksi: Hoja Dhidi ya Kukunja Mapema

Grafu ya pande mbili hugawa nodi zake katika makundi mawili, na kila kiungo huvuka kutoka kundi moja kwenda jingine: watu na hafla, nyuki na maua, waandishi na makala. Data zake hukaa katika matriksi ambayo safu mlalo ni kundi la kwanza na safu wima ni la pili. Hapo hapana ubishi. Mwaka 1974 Ronald Breiger alionyesha kwamba matriksi hiyo, ikizidishwa kwa matriksi geuzi yake (ile ambayo safu mlalo zimekuwa safu wima), huzaa mtandao wa watu kwa watu; huko ndiko kukunja. Tangu hapo imekuwa desturi kulikimbilia zao hilo na kuiweka kando matriksi ya awali. Desturi hiyo haifai, na jedwali mashuhuri kuliko yote katika taaluma hii linatosha kuthibitisha.

Jedwali hilo limo katika kitabu Deep South cha Allison Davis, Burleigh Gardner na Mary Gardner, kilichochapishwa mwaka 1941 kutokana na utafiti uliofanyika Natchez, Mississippi. Linaonyesha wanawake 18, hafla 14 na mahudhurio 89. Seli zote ni 252. Kwa hiyo msongamano wa grafu ya pande mbili ni takriban 0.35. Matriksi ikikunjwa upande wa wanawake, na kila jozi iliyokutana angalau mara moja ikahesabiwa kiungo, jozi 139 kati ya 153 huunganishwa na msongamano hupanda hadi 0.91. Karibu kila mwanamke anakuwa mwenza wa kila mwanamke mwingine. Lakini hafla ya nane peke yake, iliyohudhuriwa na wanawake 14, inazaa jozi 91 kati ya hizo. Kinachoonekana kama mshikamano wa jamii ni, kwa sehemu, umati wa siku moja. Kati ya wanawake hao, Evelyn na Theresa walikutana katika hafla saba, Evelyn na Flora katika moja tu. Grafu iliyokunjwa hivyo inawapa kiungo kilekile.

Katika lugha ya R, kifurushi cha igraph hujenga grafu hii moja kwa moja kwa amri ya graph_from_biadjacency_matrix, ambayo huipa kila nodi alama ya kundi lake: FALSE kwa safu mlalo, TRUE kwa safu wima. Atakayetumia amri ya matriksi ya ujirani badala yake atakataliwa, kwa kuwa matriksi hiyo lazima iwe mraba, na 18 si sawa na 14. Hatari iko pale idadi za pande mbili zinapolingana. Hapo programu hupokea matriksi bila onyo, ikamfanya mtu wa kwanza na hafla ya kwanza kuwa nodi moja. Hata grafu iliyojengwa sawasawa inataka uangalifu, maana amri ya kawaida ya msongamano haizingatii alama za makundi: hugawa viungo 89 kwa jozi zote 496 za nodi 32 na kutoa 0.18, nusu tu ya thamani halisi.

Martin Everett na Stephen Borgatti walitetea kukunja mwaka 2013, wakidai kwamba mikunjo miwili, mmoja wa kila kundi, ikitumiwa pamoja, kwa kawaida taarifa inayopotea ni ndogo. Hoja yao ni nzito, lakini haiwaokoi wanaotumia mkunjo mmoja na kufuta uzito wa viungo, yaani idadi ya mara ambazo kila jozi ilikutana. Tena igraph yenyewe huhifadhi uzito inapokunja. Anayeufuta ni mtafiti.

Wengine watasema kwamba uzito unatosha. Hautoshi, kwa sababu hesabu ya kukutana huipa hafla ya watu 14 thamani sawa na ya watu watatu. Mark Newman, alipochunguza ushirikiano wa wanasayansi mwaka 2001, aligawa mchango wa kila makala kwa idadi ya waandishi wake ukitoa mmoja. Kwa kanuni hiyo, kila jozi ya hafla ya nane hupata 1/13, na kila jozi ya hafla ya kwanza, iliyokuwa na wanawake watatu, hupata 1/2. Ukubwa wa hafla ni jumla ya safu wima, na jumla hiyo haisomeki katika mkunjo wa wanawake. Mtafiti anayetaka kuurekebisha mkunjo wake hana budi kurudi kwenye matriksi ya mstatili. Kwa hiyo matriksi hiyo ndiyo inayopaswa kuchapishwa, na kanuni ya kukunja itajwe kando yake.