Usawa wa Viti na Usawa wa Watu: Tanganyika mbele ya Umoja wa Mataifa

Mwaka 1955 Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilipewa sura mpya. Wajumbe wasio wa serikali walikuwa 30: Waafrika 10, Waasia 10 na Wazungu 10, wote wameteuliwa na Gavana Edward Twining. Serikali iliuona mpango huo kuwa usawa baina ya rangi tatu. Hata hivyo, sensa ya 1957 ilihesabu Waafrika zaidi ya milioni 8 na Wazungu 20,000 hivi. Kwa hesabu hiyo, kiti kimoja cha Mzungu kiliwakilisha watu 2,000, na kimoja cha Mwafrika watu zaidi ya 800,000.

Katika koloni la kawaida malalamiko ya namna hiyo yangeishia London. Tanganyika, lakini, ilikuwa nchi ya udhamini tangu 1946, na Uingereza iliwajibika kujieleza mbele ya Baraza la Udhamini. Wameru walionyang'anywa ardhi mwaka 1951 ndio waliotangulia kuitumia njia hiyo, walipomtuma Kirilo Japhet New York mwaka uliofuata. Mwaka 1954 ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulizuru nchi, na wengi wa wajumbe wake wakaona kuwa ingeweza kujitawala katika miaka 20 hadi 25. Tarehe 7 Machi 1955 Julius Nyerere alilihutubia Baraza la Udhamini kwa niaba ya TANU. Hakudai uhuru wa papo kwa papo. Alitaka itamkwe wazi kwamba serikali ya baadaye itakuwa hasa ya Waafrika.

Shinikizo hilo halikuuondoa mpango wa Twining. Uchaguzi ulipokuja, ulikuja na kura tatu: kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu, baada ya kuthibitisha elimu, kipato au wadhifa wake. Januari 1958, huko Tabora, TANU iliamua kushiriki. Zuberi Mtemvu akajitenga na kuunda chama chake. Katika chaguzi za 1958 na 1959 wagombea waliounga mkono TANU, wa rangi zote tatu, walishinda.

Hivyo New York ilitoa jukwaa, wala haikutoa kura. Mataifa yaliilazimisha Uingereza kujibu. Waliougeuza mpango huo kuwa ngazi ni wananchi wenyewe. Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961, kabla ya miaka minane kutimia tangu ziara ya ujumbe ule.