Darubini ya Kwanza, na Yale Macho Yatakayoyaona

Leo tumekusudia kueleza habari za darubini, yaani chombo cha kutazamia vitu vilivyo mbali: jinsi kilivyoanza, waliokitumia kwanza waliona nini, na mtu atakaye kununua cha kwanza afanyeje asije akajuta. Twayasema haya kwa sababu sisi wenyewe tulianza kwa kujuta, ndipo tukafurahi baadaye. Na aliyejikwaa mbele yampasa kuwaonya wajao nyuma.

Sisi tu walimu wa chuo cha ualimu. Mwaka mmoja tulichanga fedha, walimu pamoja na wanafunzi wetu, na wazee wa Kamanga, ng'ambo ya ghuba ya Mwanza, wakatuongezea, kwa kuwa watoto wao walifundishwa na wanafunzi wetu wakati wa mazoezi. Tukanunua darubini dukani. Juu ya sanduku lake palikuwa na picha ya sayari Zohali na pete yake, kubwa, yenye rangi ya embe bivu, na maneno ya kuwa chombo hiki hukuza vitu mara 525. Tukavuka kwa kivuko jioni, tukaisimamisha darubini yetu katika uwanja wa shule, na watu wakajipanga, wakubwa kwa wadogo.

Tukatia kile kioo cha jichoni chenye nguvu kupita vyote, tukaielekeza darubini kwa Mshtarii, sayari iliyo kubwa kuliko zote. Kila aliyechungulia aliona giza tupu, ama waa la nuru likitetemeka na kukimbia. Upepo wa ziwani ulikuwa ukiitikisa miguu ya chombo, nayo ilikuwa myembamba kama ya korongo. Mzee mmoja alipokwisha kutazama aliinuka taratibu, akasema, "Mwalimu, nuru ya kutetemeka hata kibatari changu kinayo." Watu wakacheka. Sisi hatukuweza kucheka. Fedha ilikuwa yao, na neno letu ndilo lililoitoa. Ikiwa mwalimu amesema uongo juu ya nyota, ni nani atakayemsadiki tena juu ya hesabu, au juu ya kuchemsha maji ya kunywa?

Tuliporudi chuoni tulivifungua vitabu, tukaona ya kuwa aibu hiyo haikuanza kwetu.

Darubini ilijulikana Ulaya mwaka 1608, wakati fundi wa miwani wa Uholanzi, jina lake Hans Lipperhey, alipoiomba serikali yake impe haki ya kuitengeneza. Mwaka uliofuata habari zake zikamfikia Galileo Galilei, mwalimu wa hesabu katika mji wa Padua, nchi ya Italia. Galileo alisugua vioo kwa mikono yake hata akapata darubini ya kukuza kadiri ya mara 20 tu. Usiku wa tarehe 7 Januari 1610 aliitazama Mshtarii, akaona nyota tatu ndogo karibu nayo. Kesho yake zilikuwa zimehama. Hakusema neno upesi. Alitazama usiku baada ya usiku, akiandika na kuchora, hata akajua ya kuwa si tatu bali ni nne, nazo ni miezi iizungukayo Mshtarii kama vile mwezi wetu uizungukavyo dunia. Mwezi Machi akatoa kitabu kidogo cha habari hizo.

Basi mwezi Aprili mwaka ule ule Galileo alifika mji wa Bologna na darubini yake, akawaonyesha wataalamu wa huko mbinguni kwa usiku mbili. Wengi wao hawakuiona ile miezi! Kijana mmoja aliyekuwapo, Martin Horky, aliandika ya kuwa chombo kile hufanya ajabu kwa vitu vya duniani, lakini kwa vitu vya mbinguni hudanganya. Tena tusimdhanie kuwa mjinga. Darubini ile ilionyesha sehemu ndogo mno ya mbingu kwa mara moja, na jicho lisilozoea hupotea humo kama mtu atazamaye ziwa kwa tundu la ufunguo.

Aliyelimaliza shauri hili kwa njia njema ni Johannes Kepler, mtaalamu wa nyota wa mji wa Praha. Yeye alipata kuazimwa darubini mwishoni mwa mwezi Agosti 1610. Hakutazama peke yake. Aliwaita mashahidi, akamtaka kila mmoja achore kwa chaki kile alichokiona, bila kuonyeshana na mwenziwe. Kisha michoro ikalinganishwa. Ilipopatana, shaka ikaondoka.

Nasi watu wa kando ya ziwa tunayo habari inayofanana na hiyo. Tarehe 3 Agosti 1858 Mwingereza John Hanning Speke alipanda kilima karibu na Mwanza, pamoja na wapagazi na Sidi Mubarak Bombay, yule Myao mashuhuri aliyewaongoza wasafiri wengi, akayaona maji yakienea kaskazini hata upeo wa macho. Wenyeji walilijua ziwa lao tangu zamani, wakaliita Nyanza. Lakini huko Ulaya watu walikuwa wakibishana mahali litokapo Nili. Speke hakuwa na mashua, macho yake yalikuwa yameugua sana safarini, na hapa Mwanza alikaa siku chache tu. Hata hivyo alisema, chimbuko la Nili ndilo hili. Mwenziwe Richard Burton alikataa, kwani atajuaje aliyeona pembe moja tu? Speke akarudi nchi hizi, na tarehe 28 Julai 1862 akauona mto ukitoka ziwani upande wa Uganda. Walakini ubishi haukwisha, naye akafa mwaka 1864 kabla haujaamuliwa. Mwaka 1875 Henry Stanley aliondoka Kageye, mashariki ya Mwanza, kwa mashua iliyochukuliwa vipande vipande toka pwani, akalizunguka ziwa lote. Ndipo ilipobainika kuwa ni ziwa moja kubwa. Speke alisema kweli, ila alilolikosa ni kutazama tena na tena, na mashahidi wa kutosha. Na kweli isiyo na mashahidi hufanana sana na uongo.

Sasa tuwaeleze tulivyojifunza katika kuichagua darubini.

Kwanza, msiulize hukuza mara ngapi. Ulizeni upana wa kioo chake cha mbele. Darubini ni kama kinga ya maji ya mvua: pipa pana hukusanya mengi, na kikombe hukusanya machache. Mboni ya jicho gizani hufunguka kadiri ya milimita 7. Kioo cha milimita 60 hukusanya nuru zaidi ya mara 70 kuliko jicho, na cha milimita 100 hukishinda hicho karibu mara 3. Kukuza ni hesabu ya kugawanya tu. Katika darubini yetu nuru husafiri milimita 700 toka kioo cha mbele hata mahali ikutanapo. Ukitia kioo cha jichoni cha milimita 20, hukuza mara 35. Ukitia cha milimita 4, hukuza mara 175. Na ukiongeza kile cha kuzidisha mara 3, zapatikana zile 525 za sandukuni. Hesabu yenyewe ni sahihi, lakini nuru ni ile ile kidogo, imetandazwa mahali papana kama uji uliotiwa maji mengi. Kanuni ni hii: usipite mara 2 kwa kila milimita ya upana. Darubini ya milimita 60 mwisho wake ni mara 120, na mara nyingi 35 hupendeza zaidi.

Pili, itazameni miguu yake. Darubini njema juu ya miguu mibaya ni kama mwandishi hodari aandikaye juu ya punda aendaye mbio. Ukiigusa ikatetemeka muda mrefu, iache. Kuna darubini za kioo cha kurudisha nuru, za namna aliyoibuni Isaac Newton mwaka 1668, ambazo huwekwa juu ya kitako kifupi cha mbao. Hizo zaweza kuwa na upana wa milimita 100 au 130, nazo hutulia vizuri.

Tatu, mwenye fedha kidogo asione haya kununua darubini ya macho mawili, yenye kukuza mara 10 na vioo vya milimita 50. Aiegemeze juu ya ukuta au uma wa mti, ataiona miezi ya Mshtarii.

Nne, aitunze. Unyevu wa ziwa huotesha ukungu juu ya vioo. Ihifadhiwe mahali pakavu, wala isifutwe kwa pindo la nguo.

Na sasa, mtaona nini? Anzeni na mwezi, lakini si mwezi mpevu. Utazameni ukiwa nusu, kwa kuwa pale mpakani pa nuru na giza milima yake hutupa vivuli virefu, na mashimo yake ya mviringo huonekana wazi kama nyayo katika udongo. Mshtarii mtaiona kama kisahani kidogo chenye mistari miwili hafifu, na miezi yake minne, au pungufu yake ikiwa mmoja umejificha. Mirihi ni nukta nyekundu, basi. Zohali haitajaza jicho kama ile picha ya sandukuni. Itakuwa ndogo kama punje ya mtama, lakini pete mtaiona kwa macho yenu wenyewe. Mara nyingine pete hutukabili kwa ubavu wake mwembamba ikawa kama haipo. Galileo alishangaa mwaka 1612 alipoona yale aliyodhani ni nyota mbili kando ya Zohali yametoweka, wala hakujua ni pete. Aliyeeleza jambo hilo ni Christiaan Huygens, mwaka 1659. Pete ilijificha vivyo hivyo mwaka 2025, na tangu hapo imeanza kufunguka tena polepole.

Nyota zenyewe hubaki nukta katika darubini yo yote mtakayoweza kuinunua. Ziko mbali mno. Ila zitaongezeka idadi. Kilimia, ambacho wazee walikitazama ili wajue majira ya kulima, jicho huhesabu nyota zake sita au saba. Darubini ndogo huonyesha makumi. Na yale mawingu ya nuru yenye rangi mnayoyaona vitabuni yatakuwa kama moshi wa kijivu, kwa sababu picha zile zilikusanya nuru kwa muda mrefu, na jicho haliwezi kuiweka akiba.

Kamanga iko karibu na mstari wa ikweta, kadiri ya digrii mbili na nusu kusini yake. Kwa hiyo sisi twaziona nyota za kaskazini na za kusini pia, bahati wasiyo nayo watu wa Ulaya. Nao wavuvi wa dagaa waijua kalenda ya kufaa: usiku wa giza, wakati taa zao zinapoenea ziwani kama mji, ndio usiku wa Kilimia na mawingu ya nuru, na mwezi unapokuwa mkubwa, wao wakapumzika, basi tazameni sayari.

Onyo moja halina msamaha. Msiielekeze darubini kwa jua na kuchungulia kamwe, hata kwa kupepesa mara moja, wala msitumainie kile kioo cheusi kidogo kitiwacho jichoni, maana hupasuka kwa joto. Jicho huungua bila kuuma, na halirudi.

Tulirudi Kamanga mwezi uliofuata. Safari hii tulifunga mfuko wa mchanga chini ya miguu ya darubini, tukaiweka nyuma ya ukuta upepo usipofika, tukatia kioo cha kukuza mara 35. Tukaelekeza kwa Mshtarii. Hatukumwambia mtu ataona nini. Tuliwaita watoto wanne mmoja mmoja, kila mmoja akachora peke yake kwenye karatasi yake, kama Kepler alivyofanya. Kisha tukampa yule mzee karatasi zote nne chini ya taa. Zote zilikuwa na duara moja na nukta nne, tatu upande huu, moja upande ule.

Mzee alizitazama kwa muda mrefu. Halafu akaenda kwenye darubini, akainama, akakaa kimya hata waliokuwa nyuma yake wakaanza kunung'unika. Alipoinuka hakutusifu wala hakutaja habari ya kibatari. Alisema, "Kesho zitakuwa wapi?" Tukamjibu ya kuwa zitakuwa zimehama, naye aje aone. Akaja.

Basi, ndugu wasikilizaji, mkinunua darubini msiahidi makubwa. Waambieni watu kweli iliyo ndogo, waacheni wajionee, na mtazame tena kesho. Kwaherini.