Kabla ya miwani: historia ya kutuliza uchungu wa uzazi

UVIRA – Mama mwenye mimba ya kwanza ameshikwa na uchungu. Anavalishwa miwani mikubwa inayoziba macho yote mawili. Chumba cha materniti kinapotea, anaona mandhari tulivu inayomzunguka pande zote. Teknolojia hiyo inaitwa uhalisia pepe.

Hayo yamefanyika mjini Los Angeles, Marekani, katika hospitali ya Cedars-Sinai. Madaktari waliwagawa akina mama 40 katika makundi mawili; kundi moja lilivaa miwani kwa muda usiozidi nusu saa, lingine halikuvaa. Matokeo yalitolewa mwaka 2021: kwa waliovaa, maumivu yalipungua kidogo, kwa wenzao, yaliongezeka. Kidogo tu, wala si muujiza.

Miwani hiyo haikuanzia kwenye uzazi. Mwishoni mwa miaka ya 1990, mjini Seattle, watafiti Hunter Hoffman na David Patterson waliitumia kwa watu walioungua moto. Kusafisha kidonda cha moto ni mateso hata kwa aliyepewa morfini. Basi mgonjwa akatengenezewa mchezo wa kurusha matonge ya theluji wakati muuguzi akiendelea na kidonda. Akili iliyoshughulika na theluji ilibaki na nafasi ndogo ya kusikia moto. Nyuma ya hapo kulikuwa na maelezo ya Melzack na Wall ya mwaka 1965, kwamba maumivu hupita penye lango katika uti wa mgongo, na ubongo wenyewe unaweza kulifunga lango hilo kwa kiasi.

Lakini kabla ya mashine yoyote, watu wa Maziwa Makuu walikuwa na njia zao. Mwaka 1879 Robert Felkin, kijana Mwingereza aliyesomea udaktari, alikuwa Kahura, katika ufalme wa Bunyoro, Uganda ya leo. Hapo aliona mganga akimpasua tumbo mwanamke wa miaka kama 20 ambaye alikuwa ameshindwa kujifungua. Mwanamke huyo alinyweshwa kwanza pombe ya ndizi, ndugu wa kasiksi inayojulikana na kila mkaaji wa Kivu, mpaka akalewa nusu. Pombe hiyohiyo ilitumika kunawia mikono ya mganga na kuosha tumbo. Damu ilizuiwa kwa chuma cha moto, na kidonda kikafungwa kwa pini za chuma. Felkin alikaa siku 11 akifuatilia. Alipoondoka, mama na mtoto walikuwa wazima na kidonda kimepona. Aliporudi aliandika habari hiyo katika jarida la madaktari la Edinburgh mwaka 1884. Ikumbukwe kwamba miaka hiyo, huko Ulaya, wanawake wengi waliopasuliwa hivyo walikuwa wanakufa.

Ulaya nayo ilikuwa na mzozo wake. Mwaka 1847, Edinburgh, daktari James Young Simpson alianza kuwapa wazazi dawa ya kuvuta, kwanza etha, halafu klorofomu. Baadhi ya watu walipinga, wakisema Maandiko yanataka mwanamke azae kwa uchungu. Mabishano yalipungua nguvu baada ya Malkia Victoria mwenyewe kuvuta klorofomu alipojifungua mwaka 1853. Nani angemkemea Malkia?

Karne moja baadaye daktari Mfaransa Fernand Lamaze alitembelea Urusi ya Kisovieti, mwaka 1951, akarudi Paris na njia isiyo na dawa: mama afundishwe mapema mwili wake unavyofanya kazi, na namna ya kupumua kila uchungu unapokuja. Mwaka 1956 Papa Pius XII alitamka kwamba njia hiyo haina kosa kwa imani. Miwani ya leo, inayomwongoza mama avute pumzi polepole, inafuata nyayo za Lamaze.

Kwa familia zilizokimbia, habari yenye uzito zaidi huenda ni ile iliyotoka Guatemala mwaka 1980. Katika hospitali moja huko, akina mama wengine walizaa peke yao kama kawaida ya hospitali, wengine walipewa mwanamke wa kukaa nao tu: kuwashika mkono, kuwasugua mgongo, kuwasemesha. Hakuwa mkunga, na hata hawakumjua. Kwa wale ambao uzazi wao haukuwa na shida, waliokuwa na mwenzao walikaa saa 8.8 tangu kuingia hospitali hadi kujifungua. Waliokuwa peke yao, saa 19.3. Mashine gani imefikia hapo?

Huku milimani, juu ya bonde la Ruzizi, kuna Lemera. Daktari Denis Mukwege alipoanza kazi katika hospitali hiyo miaka ya 1980, aliona akina mama wakifikishwa wamechelewa, wanavuja damu, wengine wakifa. Ndiyo sababu alikwenda Angers, Ufaransa, kusomea uzazi. Tarehe 6 Oktoba 1996 hospitali ya Lemera ilishambuliwa, wagonjwa na wauguzi wakauawa. Miwani haizuii damu wala haifungui barabara. Ni lazima hilo lisemwe kabla mtu hajaota kuagiza ya materniti ya Uvira.

Ila vita inachukua pia kile ambacho Guatemala ilikipima. Februari 2025, Bukavu ilipoanguka, makumi ya maelfu ya watu walivuka Ruzizi kuingia Burundi, na wengi walijikuta kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo. Mja mzito aliyevuka hivyo anaweza kuwa ameachana na mama yake, mama mkwe, shangazi na koko, wale ambao wangemkalia usiku wa uchungu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, linataka kila mzazi awe na mtu aliyemchagua mwenyewe wakati wa kujifungua. Hospitali nyingi hukataa kwa sababu chumba ni kimoja na wazazi ni wengi, hivyo mgeni atawaona wasio wake. Kwa hilo panahitajika pazia, na kitenge kilichofungwa kwenye kamba kinatosha.