Umeme na Maji Humo Humo: Historia ya Chumba cha Kupanga Tukuyu

Kijana wa Kinyakyusa wa miaka ya 1930 hakuwa na mwenye nyumba. Godfrey Wilson na mkewe Monica, wanaanthropolojia waliofanya utafiti Rungwe, wilaya yenye mji wa Tukuyu, kati ya 1934 na 1938, waliwakuta wavulana wa miaka kama 10 au 11 wakiondoka kwa baba zao na kujenga vibanda vyao pembeni, rika moja kijiji kimoja. Chakula walikwenda kula kwa mama zao, kundi zima, leo kwa huyu kesho kwa yule. Monica aliyaeleza hayo katika Good Company, kitabu kilichotoka mwaka 1951. Malazi yasiyo na bili wilayani humu yalikuwa hayo. Gharama zilikuwa za mama, na hakuna aliyempigia hesabu.

Kupanga kulikuja na mshahara. Wajerumani walipoweka boma Tukuyu mwanzoni mwa karne ya 20, mji wakiuita Neu Langenburg, walileta watu wa kukaa mahali wasipokuwa na shamba. Karani na askari walilala kwenye nyumba ya serikali. Baadaye mashamba ya chai yakawa na kambi za vibarua. Ukiacha kazi, chumba nacho umekiacha.

Mtumishi aliyekosa nyumba ya serikali alikwenda mtaani, kwenye nyumba ya vyumba vinavyotazamana, korido katikati, choo uani. Mita ilikuwa moja na bili ya umeme ya Tanesco ilikuja kwa jina la mwenye nyumba. Kwa hiyo aliuingiza umeme kwenye kodi, kisha akaweka masharti: taa moja, redio sawa, jiko la umeme marufuku. Pasi ndiyo iliyoleta maneno. Tukuyu hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, na mwalimu ambaye shati lake limekaa kambani siku tatu bila kukauka atalimalizia kwa pasi, sharti liwepo lisiwepo.

Mambo mawili yaliuvunja utaratibu huo. La kwanza ni Luku, mita ya kulipa kabla iliyoanza kuingia nchini miaka ya 1990. Hakuna tena bili ya mwisho wa mwezi. Umeme ukiisha usiku, giza ni la nyumba nzima, na mwenye nyumba huenda anaishi Mbeya. Wapangaji wakaanza kuchangishana. La pili ni watu kuongezeka kwenye soko la vyumba: mwaka 2002 Serikali ilianza kuwauzia watumishi nyumba zake nchini, na nesi au mwalimu aliyehamishiwa wilayani baada ya hapo akajitafutia mwenyewe. Juu ya hayo, mwaka 2005 ikafutwa sheria ya mwaka 1984 ya kudhibiti kodi za pango, pamoja na mabaraza yake ya nyumba. Kodi ya miezi sita mkononi ikawa jambo la kawaida.

Kuchangishana kuna hasara ambayo wengi hawaioni. Kwa bei zilizopangwa mwaka 2016, mteja mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Wa daraja la juu hulipa 292. Vyumba sita kwenye Luku moja huvuka 75 kirahisi, hata kama kila mpangaji peke yake ni mteja mdogo kabisa. Maskini sita wanauziwa umeme kwa bei ya tajiri mmoja. Ndiyo maana dalali akisema “umeme unajitegemea”, yaani chumba kina Luku yake, bei ya chumba hupanda na mteja haondoki. Maji bado mara nyingi yamo ndani ya kodi; katika wilaya ya chemchemi kama hii hayana ugomvi mkubwa.

Kisha mambo yakageuka kichwa chini. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo, ambayo ni deni la mmiliki, hukatwa kupitia Luku: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, 1,500 tangu 2023. Zamani umeme wa mpangaji ulikuwa ndani ya kodi ya mwenye nyumba. Sasa kodi ya mwenye nyumba imo ndani ya umeme wa mpangaji. Hukatwa kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi, na kwenye Luku ya kuchangia kila mmoja ana sababu ya kungoja mwenzake atangulie kununua.