Damu ya Baba na Mama: Historia ya Selimundu na Swali la Kale

Wapendwa Wanaparokia, miaka kadhaa iliyopita mama mmoja alibaki kanisani baada ya Misa ya asubuhi. Alikuwa amekwisha kuzika watoto wawili. Wa tatu, mwenye umri wa miaka sita, alikuwa ameamka siku moja akiwa amepooza upande mmoja wa mwili. Ukoo wa mumewe ulikuwa umeshatoa hukumu: mama huyo ameleta mkosi nyumbani, na afadhali arudi kwao. Akaniuliza, "Baba, nimemkosea Mungu nini?" Nilisali naye, nikamfariji kadiri nilivyoweza, lakini jibu sikuwa nalo. Baadaye damu ya mtoto ilipimwa, ikaonekana ana ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita sikoseli. Tafakari ya juma hili ni jibu ninalodaiwa na mama yule, na naomba tulitafute pamoja katika historia.

Swali lake si geni. Katika Injili ya Yohane, sura ya 9, wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu walitaka kujua kama kosa ni lake au ni la wazazi wake, na Bwana akayakataa yote mawili. Karne nyingi kabla yake, nabii Ezekieli, katika sura ya 18, aliikemea methali ya watu wake iliyowafanya watoto wabebe hatia ya baba zao. Kwa hiyo Neno la Mungu lilikwisha kutuonya tusigeuze ugonjwa kuwa hukumu. Kilichobaki kilikuwa kufahamu ugonjwa wa namna hiyo unatoka wapi hasa.

Hatua ya kwanza ilipigwa na padre. Gregor Mendel, aliyezaliwa mwaka 1822, alikuwa mtawa wa Shirika la Mtakatifu Augustino katika mji wa Brno, ambao leo uko katika Jamhuri ya Cheki. Katika bustani ya monasteri alipanda njegere miaka mingi, akachanganya zenye maua ya zambarau na zenye maua meupe. Kizazi cha kwanza chote kilitoa maua ya zambarau, kana kwamba weupe umekufa. Lakini katika kizazi cha pili weupe ulirudi: mimea 705 ilikuwa ya zambarau na 224 ilikuwa meupe, yaani karibu tatu kwa mmoja. Mendel akatambua kwamba kila mmea hubeba mafungu mawili ya kila sifa, moja kutoka kwa kila mzazi, na kwamba fungu moja laweza kujificha kizazi kizima kisha likajitokeza. Alisoma matokeo yake hadharani mwaka 1865 na kuyachapisha mwaka 1866. Alifariki mwaka 1884 bila kusikilizwa. Wataalamu waliyagundua upya mwaka 1900. Mafungu hayo ndiyo tunayoyaita leo jeni.

Mwaka 1910, huko Chicago, daktari James Herrick alichapisha habari za kijana kutoka kisiwa cha Grenada, mwanafunzi wa udaktari wa meno, ambaye chembe nyekundu za damu yake zilionekana kwenye hadubini zimejipinda. Umbo lake lilikuwa kama mundu wa kuvunia, na ndiko lilikotoka jina letu la selimundu. Mwaka 1949 James Neel alionyesha kwamba ugonjwa hutokea pale mtoto anaporithi jeni yenye kasoro kutoka kwa wazazi wote wawili. Mwaka huo huo Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini ya wagonjwa, ile protini inayobeba oksijeni katika damu, ni tofauti na ya watu wengine. Mwaka 1956 Vernon Ingram, akiwa Cambridge, alianza kuonyesha udogo wa tofauti hiyo: katika mnyororo mrefu wa protini, kiungo kimoja tu kimebadilishwa. Leo twajua kwamba chanzo ni badiliko la herufi moja ya maandishi ya urithi, kati ya herufi zipatazo bilioni tatu alizo nazo binadamu.

Lilibaki fumbo moja. Kama jeni hii inaua watoto kabla hawajakua na kuzaa, mbona haikutoweka? Jibu lilipatikana hapa kwetu Afrika ya Mashariki. Anthony Allison alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1925 na kukulia Gilgil, nchini Kenya. Mwaka 1949 alisafiri na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford kwenda Mlima Kenya, akakusanya damu za watu wa makabila mbalimbali. Aliona kwamba pwani na kando ya Ziwa Viktoria watu wenye jeni moja ya selimundu walizidi asilimia 20, lakini katika nyanda za juu zenye baridi hawakufika asilimia 1. Akajiuliza: pwani na ziwani kuna nini kisichokuwapo milimani? Kuna mbu, na kuna malaria.

Alirudi mwaka 1953 kulipima wazo lake, na mwaka 1954 akachapisha matokeo. Kati ya watoto 290 aliowapima nchini Uganda, wenye jeni moja ya selimundu walikuwa 43, na 12 kati yao walikutwa na vimelea vya malaria, yaani asilimia kama 28. Kati ya 247 wasio nayo, 113 walikutwa navyo, yaani asilimia kama 46. Aliwaambukiza pia malaria watu wazima 30 wa kabila la Wajaluo waliojitolea, jambo ambalo leo lingeulizwa maswali mazito ya kimaadili. Kati ya 15 wenye jeni moja, wawili tu walipata malaria. Kati ya 15 wasio nayo, walipata 14.

Ndugu zangu, tupatafakari hapo. Anayerithi jeni hii kutoka kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida huishi mzima, na utotoni hupata kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Jeni ilidumu kwa sababu iliwaokoa babu na bibi zetu. Gharama ya wokovu huo inalipwa na mtoto anayeirithi kutoka pande zote mbili. Mtoto mgonjwa, basi, anabeba mzigo wa kinga iliyowafaa wengine, na badala ya shukrani sisi tumempa jina la mkosi.

Sasa tuone herufi hiyo moja inavyoutesa mwili. Chembe nyekundu ya kawaida huishi siku zipatazo 120. Ya selimundu huishi siku 10 hadi 20 tu, ndiyo maana damu hupungua daima. Chembe zilizojipinda huwa ngumu na kunata, zikaziba mishipa midogo, na kiungo kilicho mbele ya kizuizi hukosa oksijeni. Hapo huja maumivu makali ya mifupa na kifua ambayo wazazi wa watoto hawa wanayajua vizuri.

Ubongo huumia kwa namna ya pekee. Uzito wake ni kama asilimia 2 tu ya mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1998 ulionyesha kwamba, pasipo kinga, karibu mgonjwa mmoja kati ya kumi hupata kiharusi kabla ya kutimiza miaka 20. Wengine hupata viharusi vya kimya: mtoto haanguki wala hapoozi, lakini sehemu ndogo ndogo za ubongo hufa. Shuleni husahau na kushindwa kufuatilia somo, kisha hupigwa kwa kuitwa mvivu. Mtoto wa yule mama alipooza kwa sababu hiyo. Hakurogwa.

Uzazi nao huguswa. Wasichana na wavulana wenye ugonjwa huu mara nyingi huchelewa kubalehe. Wanaume na wavulana wengine hupatwa na kusimama kwa uume kwa saa nyingi, kwa maumivu makali na pasipo hamu yoyote. Wengi huficha kwa aibu, kumbe kuchelewa hospitali kwaweza kuharibu kabisa uwezo wao wa tendo la ndoa. Mwanamke mgonjwa anaweza kupata mimba na kuzaa salama, lakini hatari zake ni kubwa kuliko za wengine: mimba kuharibika, kifafa cha mimba, upungufu mkubwa wa damu, mtoto kuzaliwa na uzito mdogo, hata kifo cha mama. Anahitaji kliniki mapema na kujifungulia hospitalini.

Nchi yetu ina deni kubwa katika jambo hili. Inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka Tanzania, na kwamba katika Afrika, pasipo uchunguzi wa mapema na matibabu, nusu yao au zaidi hufariki kabla ya miaka mitano. Hata hivyo historia haikuishia hapo. Mwaka 2004 Profesa Julie Makani na wenzake walianza kufuatilia wagonjwa kwa utaratibu katika Muhimbili. Mwaka 2016 majirani zetu wa Uganda walichapisha uchunguzi wa damu za watoto wachanga zaidi ya 97,000, wakaona asilimia 13.3 wana jeni moja na asilimia 0.7 wana ugonjwa wenyewe. Utafiti uliofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2019, ulithibitisha kwamba dawa ya haidroksiyurea hupunguza maumivu, kuongezewa damu, malaria na vifo vya watoto. Na jirani kabisa na sisi, Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ilianza mwaka 2023 kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu.

Mwaka huo huo wa 2023, Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba inayorekebisha jeni katika chembe za mgonjwa mwenyewe. Bei yake Marekani ilipoidhinishwa ilikuwa dola milioni 2.2, na kwetu hilo ni kilio cha haki. Wengine wameniuliza kama Kanisa linakubali tiba ya namna hiyo. Hati ya Dignitas Personae ya mwaka 2008 yafundisha kwamba kurekebisha jeni katika mwili wa mgonjwa kwa lengo la kumponya ni halali kimsingi. Kubadilisha urithi utakaopita kwa vizazi vijavyo, kwa hali ilivyo sasa, hakukubaliki.

Je, sisi wa Singida tunahusikaje? Tunaishi katika uwanda wa juu, na huenda mtu akadhani jambo hili ni la watu wa pwani na wa ziwani. Lakini Wanyaturu, Wanyiramba, Wasukuma na wengine wengi wanakaa pamoja, wanafanya kazi pamoja na kuoana. Jeni haisomi majina ya makabila.

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu. Kwanza, vijana mnaojiandaa kwa ndoa, pimeni damu mapema, kabla ya barua ya posa na si baada ya matangazo kanisani. Mkikutwa nyote wawili mna jeni moja moja, Kanisa halikuwekeeni kizuizi cha ndoa. Lakini jueni kwamba katika kila mimba upo uwezekano wa moja kwa nne wa kupata mtoto mgonjwa, nanyi mtafakari na kuamua kwa uhuru na ukweli. Pili, wazazi wenye mtoto anayelia mifupa au mwenye macho ya njano, nendeni hospitali kwanza. Msimpeleke kwa mganga anayetafuta mchawi.

Tatu, nasema na wakuu wa koo na Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Padre wa Brno alituonyesha kwamba kila kiumbe hubeba fungu la baba na fungu la mama. Selimundu haiwezi kutokea kwa upande mmoja. Mwanamume anayemfukuza mkewe kwa ajili ya mtoto huyu anakana nusu ya damu yake mwenyewe, na ukoo unaomhukumu mke huyo unahukumu urithi uliopita pia katika mababu zake. Ikiwa katika jumuiya yako yupo mama aliyerudishwa kwao kwa sababu hii, nenda ukamwombe radhi, kisha msindikize na mtoto wake kliniki.

Mama yule alipata jibu lake kwa kuchelewa. Sasa nalisema wazi mbele ya parokia nzima: hukukosea kitu, mama.



Paroko wenu