Urithi na polimofizimu katika programu za kompyuta

Programu nyingi za leo hujengwa kwa vitu: kila kitu kina taarifa zake na kazi zake. Mambo mawili huvipa vitu hivyo nguvu, nayo ni urithi na polimofizimu.

Chimbuko lake ni Oslo, Norwei. Katika miaka ya 1960, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walitaka kompyuta iige shughuli halisi, kwa mfano foleni. Lugha yao, Simula 67, ndiyo iliyoleta klasi na urithi. Wawili hao walitunukiwa Tuzo ya Turing ya mwaka 2001.

Tuchukue mfano wa daraja la kulipia. Tunaandika klasi ya Gari, yenye namba ya usajili na kazi ya kukokotoa tozo. Kisha tunaandika Basi, Lori na Ambulansi kama watoto wa Gari. Habari ya namba ya usajili hatuiandiki tena, watoto wanaipata kwa mzazi. Huo ndio urithi.

Polimofizimu, yaani hali ya amri moja kuwa na sura nyingi, huonekana kwenye kizuizi. Mtambo hauulizi aina ya gari. Huamuru tu: kokotoa tozo. Lori hujibu kwa uzito, basi kwa idadi ya viti, ambulansi hujibu sifuri. Kesho tukiongeza Pikipiki, programu ya kizuizi haiguswi.

Hatari iko wapi? Mtoto asiyeandikiwa kazi yake hutumia ya mzazi. Tozo ya ambulansi ikisahauliwa, mtambo utaidai pesa kama gari jingine lolote, na kizuizi kitabaki kimefungwa huku mgonjwa yumo ndani. Kompyuta haitaonya, maana kwake hakuna kosa. Dawa ni kutangaza kazi hiyo kwa mzazi bila kuipa jibu. Hapo lugha kama Java hukataa programu mpaka kila mtoto aandikiwe yake.

Mwaka 1987 Barbara Liskov alieleza kanuni inayofaa kukumbukwa: popote anapotumika mzazi, mtoto naye atumike bila kuharibu kazi. Basi kabla ya kurithisha, tujiulize swali moja. Je, ambulansi ni gari? Ndiyo. Je, injini ni gari? Hapana, ni sehemu ya gari, kwa hiyo haistahili kurithi.